Mwanajeshi wa Lanet akalalamike wapi?

Nimekulia Nakuru, upande wa Lanet, kwa hivyo sare za jeshi si kitu kigeni kwangu. Sasa naishi Koblenz, Ujerumani, na huku nako nimeangukia mji wa wanajeshi. Wanajaa kwenye treni na mabegi yao, maana tangu 2020 aliyevaa sare halipi nauli. Juzi bibi mmoja alimkemea koplo kwa kuziba njia na begi. Kijana akaliondoa, akaomba radhi. Jaribu hiyo kwenye matatu ya Lanet, halafu uniambie.

Hapa Koblenz ndipo kilipo kituo kinachofunza jeshi lao uongozi na maadili tangu 1956. Msingi wake ni kwamba askari ni raia aliyevaa sare. Sheria yao inasema amri inayovunja utu wa binadamu si lazima itiiwe, na inayomtaka askari atende jinai ni marufuku kuitii. Tarehe 20 Julai makuruta huapishwa Berlin kwa kumbukumbu ya maafisa waliojaribu kumuua Hitler mwaka 1944. Yaani jeshi linawaenzi waasi!

Kwetu pia tunafundisha. Makadeti wanafunzwa Lanet, na tangu 2021 tuna Chuo Kikuu cha Ulinzi cha Taifa papo hapo. Katiba, kifungu cha 239, inavikataza vyombo vya usalama kupendelea upande wa kisiasa. Na Wajerumani si malaika: mwaka 2020 waziri wao wa ulinzi alivunja kombania nzima ya kikosi maalumu cha KSK kwa sababu ya siasa kali za mrengo wa kulia. Masomo walikuwa nayo.

Wanachotuzidi ni mahali pa kulalamika. Bunge lao lina kamishna wa wanajeshi, na kuruta anaweza kumwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa afande yeyote. Kila mwaka kamishna hutoa ripoti ya wazi: kambi zinazovuja, vifaa vibovu, wakubwa wanaonyanyasa wadogo. Sisi Kenya tuna IPOA, mamlaka huru ya usimamizi, lakini hiyo ni ya polisi. Mwanajeshi wetu anamlalamikia afande, naye afande ana afande wake.

Ndiyo maana Mlima Elgon haunitoki akilini. Machi 2008 jeshi letu liliingia huko, magharibi mwa Kenya, na Operesheni Okoa Maisha kupambana na wanamgambo wa SLDF, waliokuwa wamewatesa wananchi kweli kweli. Wanaume wakakusanywa, na mashirika ya haki za binadamu yakaeleza jinsi walivyoteswa kambini Kapkota. Jeshi likakana. Mimi najiuliza kuhusu koplo mmoja tu, aliyeona na hakupendezwa. Angemwambia nani, na kesho yake alale wapi?

Mjomba wangu, sajini mstaafu, ananicheka kwenye simu. "Umekaa Ulaya sana. Hiyo ofisi atapewa shemeji wa mkubwa."

Huenda. Lakini hata huyo shemeji, akibanwa na sheria atoe ripoti hadharani kila mwaka, ataandika angalau ya viatu na chakula. Na askari aliyezoea kulalamikia viatu bila kuadhibiwa ndiye ninayeweza kumtarajia afungue mdomo siku atakapoona mfungwa akipigwa.