Saa kumi ya nani?

Jamani hivi aliyepanga baa zifunguliwe saa kumi jioni siku za kazi alimfikiria nani? Mimi ni mlinzi hapa Moshi, naingia lindoni saa kumi na mbili jioni natoka kumi na mbili asubuhi, sasa jioni yangu mimi ni ipi kama sio hiyo asubuhi? Nikikaa mtaani kwetu Pasua na chupa moja, MOJA, saa nne asubuhi baada ya kukesha na baridi la mlima, mgambo hao, mlevi wewe, mzururaji, twende. Pita hotelini mjini saa sita mchana uone, watu wametoka kupanda Kilimanjaro wanagonga bia za baridi bustanini na hakuna anayewauliza saa. Yao mapumziko, yangu uvivu?

Na bei je! Kila Juni bajeti ikisomwa sisi tunakaa roho juu, ushuru ukigusa shilingi chache tu kaunta inapandisha mia mbili nzima. Viroba, zile pombe kali za pakiti, vikapigwa marufuku Machi 2017, sawa, vile vilimaliza vijana kwelikweli, nimezika rafiki, hapo sibishi. Ila mtu wa chini aende wapi? Gongo haramu, bia inakula hela ya siku nzima. Imebaki mbege, pombe yetu ya Kichaga, Mungu aibariki, ndizi na ulezi, kata moja ya kibuyu mnapokezana watu watatu na stori juu. Hata hiyo nayo wanakuja kuiangalizia saa! Mbege jamani! Wazee wetu walimalizia kesi za vihamba, mashamba ya ukoo, kwa mbege, leo nayo isubiri saa kumi?