Maduara Manne na Mtu Asiyejiuliza

Siku hizi kuna kauli inayotolewa kwa wepesi kama salamu: mtu asiyelijua kusudi la maisha yake haishi, anasukuma siku tu. Utaisikia kwenye semina, kwenye mahubiri, kwenye hotuba za mahafali na kwenye video za dakika moja. Anayeisema huwa hahangaiki kuitetea, maana nani atasimama mbele za watu aseme ni sawa kutojua unaishi kwa ajili ya nini?

Naomba nisimame kidogo. Anayetafuta maana ya maisha hajakosea, na zamu yake ya kusikilizwa itafika. Lakini mwenzake, yule ambaye hajawahi kukaa chini akajiuliza, amehukumiwa bila hata kuitwa shaurini.

Chukua ule mchoro wa maduara manne ambao bila shaka umeshatumiwa zaidi ya mara moja. Duara la kwanza ni unachokipenda, la pili unachokimudu, la tatu dunia inachokihitaji, la nne unacholipwa kukifanya. Katikati, yanapokutana yote manne, pameandikwa ikigai, na chini yake maelezo kwamba hiyo ndiyo siri ya kale ya Wajapani. Si ya kale, na Wajapani hawaijui. Mchoro ulitoka kwa Mhispania aitwaye Andrés Zuzunaga, mnajimu, aliyeuchora kueleza kusudi la mtu bila kuitaja Japani hata kidogo. Mwaka 2014 Marc Winn, katika makala yake ya mtandaoni, alilitoa neno la katikati akaweka hilo la Kijapani. Basi. Hekima hiyo ya kale haijafikisha hata umri wa kuoa.

Kwa Wajapani wenyewe ikigai ni neno la kila siku. Ni kile kinachokufanya uone kuamka kuna faida: mjukuu, bustani, marafiki wa kucheza nao karata. Katika eneo la Ohsaki, nchini Japani, watafiti waliwafuatilia watu 43,391 wa miaka 40 hadi 79 kwa miaka saba kuanzia 1994. Hakuna aliyepewa mchoro. Waliulizwa tu kama wana ikigai katika maisha yao. Zaidi ya nusu walisema ndiyo. Waliosema hapana hawakufika asilimia tano. Hao wa hapana walikuwa katika hatari ya kufa kubwa kwa takribani mara moja na nusu kuliko wa ndiyo, hata baada ya kuzingatiwa umri, sigara na maradhi waliyokuwa nayo. Utafiti huu unapenda sana kutajwa na wauza semina. Wanachosahau kutaja ni kwamba mzee aliyejibu ndiyo kwa sababu ya wajukuu wake hakuwa ametafuta kitu. Wajukuu walikuja wenyewe.

Rafiki yangu mmoja aliwahi kunionyesha daftari lake. Alikuwa ameyachora maduara hayo kwa kuzungushia kalamu kwenye kifuniko cha chupa ya dawa, kwa hiyo yote yalikuwa sawasawa, nadhifu. Matatu yamejaa maneno. Pale katikati alikuwa ameandika kwa penseli, akafuta, akaandika tena, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. "Ndugu yangu," akaniambia, "nafikiri mimi nimezaliwa bure."

Dawa ile ilikuwa ya mama yake. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua upande wake wa kulia pamoja na kauli, na kwa miaka miwili kijana huyu ndiye aliyekuwa mikono yake. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, alimgeuza ubavu ili asipate vidonda vya kulala. Uji alimpa kijiko kimoja kimoja, akiitazama koo hadi aone imemeza ndipo achote kingine, kwa sababu ukiharakisha anapaliwa. Nikamuuliza mama yuko kwenye duara lipi. Akaliangalia lile daftari kwa muda. Anachokipenda? Hakuna anayependa kufua mashuka saa saba usiku. Anachokimudu? Alijifunza kwa kukosea. Kulipwa, hapana. Nikamwambia, basi labda dunia inachokihitaji.

"Dunia haimjui mama," akanijibu.

Jibu hilo nimeishi nalo muda mrefu. Mchoro uliotungwa kumwonyesha mtu maana ya maisha yake ulikuwa umempitia mbele ya macho ukashindwa kuiona. Na si mchoro tu. Lugha nzima ya "kusudi" imeegemea kwenye kazi, kipaji na jina. Kumlea mgonjwa asiyepona hakuingii humo, wala kumsubiri mtoto mzito wa kusoma mpaka amalize ukurasa.

Watafiti wa saikolojia walishaligundua pengo lililopo kati ya kuwa na maana na kuitafuta. Mwaka 2006 Michael Steger na wenzake walichapisha hojaji ya maswali kumi kuhusu maana ya maisha. Matano yanapima kama mtu anayo maana, matano yanapima kama anaitafuta. Kwa nini wayatenge? Kwa sababu ni vitu viwili. Miongoni mwa Wamarekani waliowapima, aliyepata alama za juu upande wa kutafuta alielekea, kwa kiasi kidogo, kuwa na alama za chini upande wa kuwa nayo. Hapo mtetezi wa upande wangu angepiga kigelegele, lakini asiharakishe: mwaka 2008 Steger na wenzake waliwalinganisha Wamarekani na Wajapani, na kwa Wajapani mambo yakawa kinyume. Kwao waliotafuta zaidi ndio walioona wanayo zaidi. Huenda kwa Mmarekani kutafuta ni dalili ya upungufu, na kwa Mjapani ni namna ya kukitunza kile ambacho tayari kipo. Vyovyote iwavyo, kauli kwamba asiyetafuta hana haipati msaada kokote.

Takwimu inayoninyima usingizi hasa ni nyingine. Mwaka 2007 shirika la kupima maoni la Gallup liliwauliza watu zaidi ya 140,000 katika nchi 132 swali moja la ndiyo au hapana: je, unaona maisha yako yana kusudi au maana iliyo muhimu? Kwa jumla, watu tisa hivi katika kila kumi walisema ndiyo. Mwaka 2014 wanasaikolojia Shigehiro Oishi na Ed Diener wakachapisha uchambuzi wa majibu hayo nchi kwa nchi. Waliokuwa juu kabisa ni pamoja na Sierra Leone, Togo, Chad, Ethiopia na Kyrgyzstan. Waliokuwa chini ni pamoja na Ufaransa, Uhispania na Japani. Ndiyo, Japani ileile ya ikigai. Ukiuliza kuhusu kuridhika na maisha, orodha inapinduka na matajiri wanapanda juu.

Hapa mtu hukimbilia moja ya tafsiri mbili, na zote zinaniudhi. Ya kwanza husema: unaona, maskini ana furaha yake. Hana. Takwimu hizohizo zinasema hajaridhika, na ana haki ya kutoridhika. Umaskini haugawi maana. Unachogawa ni maradhi na mazishi ya mapema. Ya pili hujificha zaidi na kwa hiyo ni mbaya zaidi: kwamba mama wa Togo amejibu ndiyo kwa sababu hajapata nafasi ya kufikiri, na siku akishiba ataanza kushuku kama wenzake wa Ufaransa. Hebu itazame vizuri hoja hiyo. Mfaransa akisema hapana, tunasema ana kina. Mtogo akisema ndiyo, tunasema hajaamka. Nani alitupa mizani ya namna hiyo?

Oishi na Diener wenyewe walitoa sababu iliyo wazi zaidi: dini. Katika nchi maskini watu wengi zaidi husema dini ni sehemu muhimu ya maisha yao ya kila siku, na tofauti hiyo ilieleza sehemu kubwa ya tofauti ya majibu. Maana yake ni kwamba wengi wa waliosema ndiyo hawakuitafuta maana, waliipokea. Waliikuta nyumbani. Wengine husikia hivyo wakadhani wameshinda hoja, kana kwamba kitu cha kupokea si chako. Lakini lugha yako ya mama uliipokea pia, hukuichagua, na hakuna aliyejifunzia darasani atakayekushinda kutukana wala kubembeleza kwayo.

Udhaifu wa takwimu hii naujua. Swali la ndiyo au hapana ni wavu wa matundu makubwa. Mtu aliyelelewa kwa adabu hamwambii mgeni mwenye karatasi kwamba maisha yake hayana maana. Ndiyo maana jambo moja katika uchambuzi ule lina uzito kwangu: nchi zenye watu wengi zaidi wanaoona maisha yao yana maana zilikuwa na viwango vya chini vya watu kujiua. Hilo halijibiwi kwa adabu. Ingawa nalo lina doa, kwa kuwa si kila nchi huandikisha vifo vya namna hiyo kwa uaminifu, na pengine familia huficha zaidi palepale ambapo dini ina nguvu. Kila nikidhani nimeishika takwimu hii, upande mmoja unaponyoka.

Sasa zamu ya anayetafuta, kama nilivyoahidi. Hoja yake kongwe ni ya Sokrate, aliyeuawa Athens mwaka 399 KK na ambaye aliona maisha yasiyohojiwa hayafai mtu kuyaishi. Lakini hoja yake kali zaidi haihitaji mwanafalsafa. Ukiikuta maana nyumbani, hukuchunguza aliyeiweka pale ni nani na kwa faida ya nani. Mwanamke ameambiwa kwa karne nyingi kwamba maana yake ni kuhudumia. Askari ameambiwa maana yake ni kufa. Mtumwa aliambiwa maana yake ni kutii. Wote hao waliokolewa na mtu aliyethubutu kuuliza, na mara nyingi muulizaji wa kwanza aliitwa mkorofi. Sina jibu la kuiangusha hoja hii, wala sitaki ianguke. Ninachosema ni kwamba inatufundisha kuhoji amri tulizopewa. Haituambii kwamba ambaye hajahoji ni mtupu.

Tena kuwa na kusudi lililochunguzwa vizuri hakukuhakikishii lolote. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, alilelewa na baba yake kama mradi: Kigiriki akiwa na miaka mitatu, na ujana wake wote ukaelekezwa kwenye kuitengeneza upya jamii. Mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza: mageuzi yote ninayoyapigania yangetimia dakika hii, ningefurahi? Moyo ukamjibu hapana, na akaangukia kwenye huzuni ya miezi mingi. Huyu hakukosa kusudi. Alikuwa nalo kubwa kuliko vijana wengi wa Uingereza, limepangwa, limejadiliwa, limeandikwa. Baadaye aliandika kwamba furaha huwapata wale ambao macho yao yameelekea kwingine, kwa watu wengine au kwenye kazi waliyoipenda kwa ajili ya kazi yenyewe.

Kiswahili, kwa upande wake, huwa kinanifurahisha hapa. Mtu wa maana kwetu ni yule ambaye ukimtuma anafika, ukimwamini hakuangushi. Mtu asiye na maana hatumwambii hivyo kwa sababu ya utupu wa nafsi yake. Ni kwamba amekopa akapotea. Na kusudi? Neno hilo mara nyingi hutoka mdomoni pale mtu anapokukanyaga: umefanya makusudi! Sidai kwamba lugha inathibitisha falsafa. Ila ni vigumu kumweleza mzee anayekizungumza Kiswahili tangu utoto kwamba maana ya mtu ni kitu kilichofichwa ndani yake mwenyewe, asipokichimba kimepotea. Atakuuliza watu wanamwonaje.

Kuna jambo moja linalousumbua upande wangu, na halitoki vitabuni. Maana inayokaa ndani ya wajibu huondoka na wajibu. Anayestaafu analijua hili, na mzazi ambaye mtoto wa mwisho amehama analijua. Yule rafiki yangu naye alilijua. Mama yake alifariki, na wiki tatu baada ya mazishi akaniambia bado anaamka saa nane usiku, anakaa kitandani, mikono imeshajiandaa kugeuza mtu. Sikumpa takwimu yoyote. Kule kwenye kona ya chumba kitanda cha mama kilikuwa kimeshatandikwa, na juu yake nikaliona lile daftari, limefunguliwa ukurasa mpya, na kifuniko cha ile chupa ya dawa kimewekwa juu yake.

Nilimuuliza kama anachora tena. Akasema hapana, amekiweka tu pale, hajui akipeleke wapi.