Dakika Nne za Matundu ya Pua

Kosa la kwanza nililifanya Dar, basi likiwa bado halijatoka Ubungo. Simu ilikuwa imejaa, nikafuta video za harusi ya shemeji yangu, zote, kuanzia kuingia ukumbini hadi keki. Mke wangu alipouliza kulikoni, nikamwambia nakwenda kumpiga picha Tim.

"Tim ndiye nani?"

Tim alikuwa tembo dume wa Amboseli, Kenya, mwenye pembe zilizokaribia kufagia vumbi. Kwenye magari ya watalii alikuwa mpole. Kwenye mashamba ya watu alikuwa mwizi wa usiku, ndiyo maana mwaka 2016 alivishwa kola ya kutuma ishara ili walinzi wajue anaelekea wapi. Mimi nilikwenda Julai 2018.

Maandalizi sikuyafanyia mzaha. Nilishonesha mfuko wa kitenge nikatia kilo mbili za kunde, wa kuegemeza simu ukingoni mwa gari. Usiujaze pomoni: ukikaza kama mpira simu inateleza, ukiacha nafasi kidogo kunde zinajipanga na simu inakaa kama yai kiotani. Halafu dereva azime injini, maana gari likitetemeka na picha inatetemeka. Nikanunua na miwani ya jua, ile ya polaraizi inayokata mng'ao. Hiyo miwani tutairudia.

Siku ya pili asubuhi dereva akanong'ona, "Ndovu huyo. Msiongee." Tim alikuja taratibu, nyuma yake madume wawili vijana; wanaofuatana hivyo na mzee huitwa askari. Akasimama hatua kama ishirini kutoka kwetu. Aling'oa shungi la majani kwa mkonga, akalipigapiga kwenye mguu wa mbele udongo udondoke, ndipo akalitia mdomoni. Anajua anachofanya: mchanga unakula magego, na tembo hupewa seti sita tu maishani, ya sita ikiisha hakuna nyingine.

Nilirekodi dakika nne bila kupepesa. Kioo cha simu kilikuwa cheusi tii, nikajua ni jua kali.

"Kaka, una hakika unarekodi?" dereva akauliza.

Nikamwonyesha kidole nyamaze.

Niliporudi nyumbani Magomeni niliandaa kahawa na kashata, nikaunganisha simu na televisheni. Majirani walijaa hadi kibarazani. Ikatokea sura yangu. Mdomo wazi, miwani, na matundu mawili ya pua yenye upana wa sinia. Nyuma yake ilisikika sauti ya majani yakinyofolewa, kwrr, kwrr, na mimi nikipumua kama ngoma ya mganga. Dakika nne.

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Baba, harusi ya mwanangu imefutwa kwa ajili ya pua?"

Mpwa wangu, fundi simu, ndiye aliyenitetea, kama ule ni utetezi. Alichukua miwani yangu, akaishika mbele ya simu. Simu ikisimama wima, kioo kinawaka. Akailaza, kikawa cheusi. "Miwani hii inakata mwanga wa kioo ukiilaza simu. Hukuona kitu, mjomba. Na gumba lako liligusa alama ya kugeuza kamera."

Halafu akasimamisha picha, akaivuta, akaivuta tena. Ndani ya kioo cha kushoto cha miwani, kati ya mikono yangu miwili, alikuwepo Tim. Mkubwa kama njugu mawe, lakini pembe zote mbili zinaonekana, zimepinda, na askari mmoja nyuma yake.

"Huyo ni mende," mama mkwe akasema.

Februari 2020 Tim alikufa kifo cha kawaida, akiwa na miaka 50. Wiki ile nikaipeleka picha Kariakoo ikuzwe, niitundike sebuleni. Kijana wa studio aliitazama muda mrefu.

"Mzee, nikate hapa kwenye miwani, au na pua tuiache? Bei ni ileile."