Taa ya Asubuhi, Safari ya Usiku

Mbeya ukimiliki gari ambalo si Toyota unapata washauri bila kuwaita. Kijana wa kuosha magari Kabwe atakuuliza, povu likimtiririka viwikoni, "Bosi, hili siku ukitaka kuuza, utamuuzia nani?" Muuza parachichi wa Soweto, ambaye hana hata baiskeli, atakuhurumia: "Ila spea zake sasa!" Na gereji, fundi atafungua boneti, atanyamaza kidogo, kisha atamwita mwenzake waje wanyamaze wote wawili.

Mimi nina Kia Picanto. Dogo, la kijivu, injini ya lita moja, lilitoka Uingereza na ndiyo maana usukani wake uko kulia. Nimelitetea kwenye vijiwe vingi hadi historia ya kampuni naijua kuliko ya ukoo wangu. Ilianza mwaka 1944 ikitengeneza mabomba ya chuma na vipuri vya baiskeli, 1952 ikatoa baiskeli ya kwanza kutengenezwa Korea, 1997 ikafilisika, 1998 Hyundai wakaichukua, na leo Kia jipya Uingereza linauzwa na waranti ya miaka 7. Hapo kwenye waranti ndipo huwa nategemea mtu atanyamaza. Mjomba wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kuleee nilikoanzia.

"Kwa hiyo umenunua baiskeli."

Mjomba ni dereva mstaafu wa malori, Tunduma–Dar. Barabara ya TANZAM anaijua kona kwa kona, na usipomuuliza atakwambia vilevile. Kwake duniani kuna magari matatu: Scania ya kazi, Land Cruiser ya serikali, na Toyota nyinginezo kwa ajili ya watu wengine wote. Picanto huliita "hicho", na akipanda hukunja magoti kwa manung'uniko hata pale nafasi ikiwepo.

Sasa, kuhusu spea washauri wangu hawakosei sana. Mitumba yetu inatoka Japani kwa sababu Wajapani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Wakorea wanaendesha kulia, usukani wao kushoto, hivyo mtumba wa moja kwa moja kutoka kwao hautufai, na pasipo magari mengi hakuna mfanyabiashara wa kulaza mtaji kwenye taa na bampa zake. Taa ya Toyota IST Mbeya unaipata hata saa tano usiku ukimjua mtu. Ya Picanto lazima umjue mtu Dar, naye awe anamjua mtu.

Lakini kila shida na nafuu yake. Marekani mwaka 2022 vijana walikuwa wanajirekodi TikTok wakiiba Kia na Hyundai kwa kutumia ncha ya waya wa USB, maana mengi ya huko yaliuzwa bila ule mfumo unaozuia injini kuwaka pasipo ufunguo wake. Huku kwetu yangu ililala nje Mwanjelwa kioo kikiwa chini. Mwizi alikuja kweli. Akachukua mwavuli uliokuwa kiti cha nyuma, akaziacha saiti mira zote mbili. Mwenyewe alishapiga hesabu ya soko.

Yote haya nayasema ili uelewe nilivyojisikia siku ile Igawilo, Fuso iliyotoka Tukuyu na shehena ya ndizi ilipopanda tuta mbele yangu, turubai likalegea, na mkungu mmoja mzima ukaamua kushuka. Ulitua juu ya taa yangu kubwa ya kulia. Taa ikawa chenga. Mkungu haukupata hata mchubuko, na Fuso haikusimama, kwa hiyo fidia yangu ikawa ndizi. Tulizipika na nyama, tukazipika na maharage, mke wangu akazikaanga, na mwishowe akauliza kama huyo mtu wa Fuso hapiti tena na mchele.

Kumpata mwenye taa Dar kulinichukua muda na vocha. Hatimaye duka moja likanitumia picha. "Ni yenyewe bosi, toa hela niikabidhi kwenye basi." Nikatoa. Mzigo ukafika stendi umefungwa vizuri, na kwenye boksi limeandikwa neno kubwa: MORNING. Nikapiga simu. Muuzaji akacheka: Picanto huko kwao Korea linaitwa Kia Morning, gari ni lilelile, niache wasiwasi. Na ni kweli, nilikuja kuhakikisha. Korea ni Morning, kwingine ni Picanto.

Mjomba alikuwepo wakati nafungua. Akaligeuza boksi, akalisoma tena kwa kidole.

"Wamekuletea taa ya asubuhi," akasema. "Na sisi tunasafiri jioni."

Alimaanisha safari ya Mafinga. Binti wa dada yetu alikuwa na sendofu, na Mjomba ndiye aliyepangwa kusimama upande wa wajomba, atoe nasaha na kukabidhi zawadi. Hotuba alikuwa ameiandaa. Naijua kwa sababu niliisikia yote kuanzia Uyole mpaka Igurusi, pamoja na mahali ambapo watu watacheka.

Fundi alifunga taa mchana. Iliingia bila kulazimishwa, ikawaka, tukashikana mikono. Tulipanga kuondoka saa saba, tukaondoka saa kumi, kwa sababu Mjomba alikumbuka koti, halafu akakumbuka kuwa koti liko kwa fundi cherehani. Zawadi, mablanketi mawili mazito yaliyofungwa kwenye karatasi ya maua mekundu na kubandikwa seloteipu mpaka kwenye pembe, ilikaa kiti cha nyuma na mkanda imefungwa.

Chimala tulipita jua bado lipo. Igawa giza likaingia, nikawasha taa.

Semi ya kwanza iliyokuja mbele yetu ikanipigia fulu, zile taa kali za juu. Mara moja, mara ya pili.

"Ahaa," akasema Mjomba, akajiweka sawa. "Punguza, mjomba. Mbele kuna trafiki na tochi."

Kwa wasiosafiri: madereva wetu wanaopishana huonyana hivyo. Ukimulikwa, jua huko mwenzako anakotoka kuna askari kashika kile kifaa cha kupimia mwendo, na faini ya kosa moja ni shilingi elfu 30. Nikashuka hadi hamsini. Ikaja Fuso, ikanipigia fulu. Likaja basi, fulu na honi juu. Noah, fulu. Semi nyingine, fulu tatu.

"Leo wamemwaga askari," akasema Mjomba. Sauti ilikuwa ya mtu aliyerudi kazini. "Hii lazima kuna kiongozi anapita. Enzi zetu ukiona magari matatu mfululizo yanakuambia, ujue si tochi moja. Ni tochi mbili, ya pili imejificha kwenye mahindi."

"Mahindi si yameshavunwa, mjomba?"

"Kwenye mabua."

Basi tukaenda. Unajua hamsini ilivyo kwenye ile lami iliyonyooka kuelekea Makambako? Lori la mbao lilitupita. Lori la nyanya likatupita. Tulipitwa na kitu kinachovuta kitu kingine kwa kamba. Na kila anayetoka mbele, bila kukosa hata mmoja, anatupigia taa, wengine wakitoa na mkono dirishani kwa ishara ambazo Mjomba alizitafsiri moja moja: huyu anasema wako wawili, huyu anasema wako kushoto, huyu anasema Mungu awatangulie. Ya huyo wa mwisho mimi niliiona vizuri. Haikuwa ya Mungu.

Mjomba akaanza kuwajibu. Alipitisha mkono wake upande wangu na kuwapungia. "Lazima ushukuru. Udereva ni undugu."

Makambako upepo ulikuwa wa kukata masikio. Tukapita mjini hamsini, tukatoka mjini hamsini. Simu zikaanza. MC yuko tayari, wajomba wako wapi? Mjomba akasema tuko Nyololo. Nyololo ilikuwa bado mbali sana, ila kwa dereva wa zamani hilo si uongo, ni makadirio. Tulipofika Nyololo kweli, nyuma yetu ikaja IST, ikawasha indiketa, ikatupita taratibu, na kupitia dirisha nikamwona baba mdogo akitupungia. Baba mdogo na Mjomba hawajapatana tangu suala la kiwanja.

"Anakimbilia tochi huyo," akasema Mjomba, lakini mwaka huu sikuwahi kumwona ameishika dashibodi kwa nguvu vile. "Tutamkuta kasimamishwa. Tutampita tukiwa tunapunga."

Hatukumkuta. Tulichokikuta, taa za Mafinga zikiwa zimeshaanza kuonekana, ni askari wa trafiki peke yake, koti zito, kofia ya sufu chini ya kofia ya kazi. Alinyoosha mkono mmoja kutusimamisha na kwa mwingine akajikinga macho.

"Si nilikwambia!" akasema Mjomba. Alifurahi kweli. Nadhani ni mtu pekee nchini aliyewahi kufurahi hivyo kusimamishwa.

Nikamsalimia afande, nikamwambia mwendo wangu ni hamsini tangu Igawa.

"Mwendo sijakuuliza. Unawaunguza watu macho. Zima fulu."

"Afande, si fulu. Ni dimu hiyo."

Akanitazama. Akamtazama Mjomba. "Mzee, wewe ndiye mkubwa hapa?" Mjomba akakubali haraka. "Hebu shuka. Nenda kasimame pale mbele, upande wa wanaokuja, halafu utazame gari lenu."

Mjomba akatembea hatua zake, akafunga koti, akageuka. Akapiga kelele moja fupi, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Sasa mzee," afande akamwuliza, "hao wote waliokuwa wanawapigia taa, mlidhani wanawaambia nini?"

Mjomba hakujibu. Alikuwa bado anatafuta gari lilipo.

Fundi alinielewesha baadaye, na ni jambo la akili kabisa. Taa ya dimu haimuliki sawasawa pande zote. Mwanga wake umekatwa uwe chini upande wa wanaokuja, na upande wa pembeni mwa barabara unapanda kidogo ili uone watembea kwa miguu na vibao. Sisi pembeni petu ni kushoto. Korea pembeni ni kulia. Kwa hiyo taa ya Morning ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa: inatafuta vibao vya Korea, na kuvitafuta ndani ya macho ya madereva wa TANZAM. Waingereza wanaovuka na magari yao kwenda Ufaransa hubandika stika maalumu kwenye taa kwa sababu hiyohiyo. Muuzaji wangu wa Dar ningempa stika hiyo mdomoni.

Afande akasema hatuandikii faini, ila gari halisogei hivyo. Tuzibe ule upande unaopanda. Kwa kitu gani? Hatukuwa na plasta, hatukuwa na kadibodi, boksi la Morning nililiacha nyumbani. Sote watatu tukajikuta tunakiangalia kiti cha nyuma.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyechana, bila kusema neno. Karatasi ya maua mekundu ikakunjwa mara nne, ikabandikwa kwenye taa kwa seloteipu yake yenyewe, afande akitushikia tochi, hii ya betri. Akarudi mbele, akachungulia, akasema sasa sawa, safari njema.

Ukumbini tuliingia MC akikunja nyaya. Baba mdogo alikuwa ameshatoa nasaha kwa niaba ya wajomba, na kwa mujibu wa walioisikia, watu walicheka palepale pa Mjomba. Mablanketi tukayakabidhi jikoni, nusu yamefungwa. "Kamwene," mama mmoja akatupokea, akatupa ubaridi wa wali na kuku aliyebaki shingo.

Asubuhi wakati wa chai baba mdogo akaanzisha. Gari gani hili lina ua jichoni? Wakorea hao! Mkaja hamsini kutoka Igawa mkimkimbia askari ambaye hayupo! Meza nzima ikacheka. Mjomba akamalizia kiazi chake, akafuta mikono, akasubiri kimya kirudi.

"Nauliza tu," akasema. "Nilisema mbele kuna trafiki. Alikuwepo, hakuwepo?"