Kabati la Leicester na duka la Ngamiani

Katika nyumba yetu ya Ngamiani, mjini Tanga, hapakuwa na stoo ya chakula, kwa sababu stoo yetu ilikuwa duka la mtaani. Ilipofika alasiri mmoja wetu alitumwa na chupa akapimiwe mafuta, mwingine akaenda gengeni kuchukua fungu la nyanya na nazi moja, na chakula cha usiku kikaanzia hapo. Sasa naishi Leicester, Uingereza, ambako mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Ninaporudi kazini giza limekwisha kuingia kitambo, watoto wana njaa, na hapana wa kumtuma popote. Kinachopikwa ni kile kilichomo kabatini.

Wenzangu wengi wa kutoka nyumbani hukidharau chakula hicho na kusema kwamba maharage ya kopo si maharage. Mimi sikubaliani nao, na naomba wanisikilize kwanza. Kopo la tui likikaa mahali pa baridi bila kutikiswa, mara nyingi hujigawa lenyewe: juu huganda tui zito, chini hubaki jepesi, yaani kazi ileile ambayo nyumbani hufanywa kwa kukamua nazi mara ya kwanza na ya pili. Basi nakaanga kitunguu kwa kijiko cha mafuta, natia nyanya za kopo na bizari ya manjano, namimina maharage niliyokwisha kuyasuuza ili chumvi ya kopo ipungue, halafu natia lile tui jepesi na kuacha vichemke pamoja mpaka mchuzi ushikane. Tui zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko hautulii, kwa maana likiachwa lichemke ovyo hukatika. Wali ukiiva na maharage yameiva, na yote hayo hayakufika dakika 40. Siku ambayo hata muda huo haupo, napika adesi nyekundu, ambazo zimekwisha kumenywa na kupasuliwa, kwa hiyo hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 20 hivi.

Nakiri kwamba harufu ya nazi iliyokunwa saa hiyohiyo haimo ndani ya kopo, na samaki wa kopo hamfikii kabisa samaki aliyeletwa pwani asubuhi. Hata hivyo, tunapousifu utamu wa chakula cha nyumbani tunasahau kuhesabu saa zilizomo ndani yake. Maharage makavu yalikaa juu ya jiko la mkaa saa mbili na zaidi, mchele ulichambuliwa mawe punje kwa punje kwenye ungo, nazi ikakunwa kwenye mbuzi, na tui likachujwa kwa kifumbu. Aliyekaa juu ya mbuzi huo alikuwa dada yangu, ambaye naye alikuwa na masomo ya shule yanayomngoja. Mimi, kwa kuwa ni mtoto wa kiume, nilikuwa uwanjani nikicheza mpira. Jambo hilo linaniuma zaidi leo kuliko lilivyoniuma wakati ule.

Siwalaumu wanaonunua kidogo kidogo. Anayelipwa kwa siku hana fedha ya kununua gunia, ingawa anayepimiwa kila siku mwishowe hulipa zaidi, na duka la mtaani lina jambo moja ambalo kabati langu halina, nalo ni daftari la mkopo kwa siku ambayo mfukoni hamna kitu. Huku nimesaidiwa na historia: Waasia wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 walihamia Leicester, na katika maduka ya Belgrave Road napata choroko, bamia na bizari za kila namna. Mbaazi za kopo nazipata katika maduka ya watu wa Karibiani, ambao nao huzila kwa nazi.

Ninalotamani lifike nyumbani ni ule utaratibu wa kupika kabla ya njaa, wala si makopo yenyewe, ambayo huko ni ghali. Maharage yakilowekwa tangu usiku, maji yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa nguvu dakika 10 za mwanzo ili sumu yake ya asili iishe, huiva upesi na mkaa huokoka. Mwenye friji na achemshe ya siku kadhaa, ayagawe na kuyagandisha. Dada yangu, ambaye sasa ana jiko lake na wanawe wa kike, ameanza kufanya hivyo siku za Jumapili. Ananiambia kwamba wali wa nazi hataupunguzia hatua hata moja, nami nimemwahidi kwamba nikienda likizo, nazi nitakuna mimi.