Pesa za bahari zitoke baharini

Nikipiga simu nyumbani Msambweni, Kwale, pwani ya Kenya, salamu hazijaisha nishaambiwa kuna semina ya uchumi wa samawati, yaani kujipatia riziki baharini bila kuiharibu bahari, na kwamba safari hii nauli imeongezwa. Huku Tromsø, kaskazini mwa Norwei, niko kiwanda cha samaki mwaka mzima na sijaona mvuvi aliyevishwa tisheti ya mradi. Na hawa ni watu ambao bahari imewatajirisha.

Si kwamba wanaipenda bahari kutushinda. Wanajua pesa ya kuitunza inatoka wapi. Tangu sheria ya 1938, samaki anaposhushwa kutoka chomboni huuzwa kupitia chama cha mauzo cha wavuvi wenyewe, na bei ya chini kabisa huwekwa na chama hicho. Mashua ikifunga gatini, samaki wanapimwa, inaandikwa karatasi: aina, kilo, bei, makato ya chama, sahihi. Mnunuzi hawezi kuja na maneno ya "leo samaki ni wengi, chukua nusu bei". Wakishauzwa nje ya nchi, asilimia 0.3 ya thamani yao inakatwa kwa ajili ya utafiti. Ni kidogo, lakini samaki wakiwepo na pesa ipo. Haingoji mfadhili afurahi.

Wafugaji wa samoni nao, mwaka 2023 walibandikwa kodi ya ziada ya asilimia 25 kwenye faida, kwa hoja kwamba ghuba wanazofugia ni mali ya umma. Serikali ilianza kwa kutaka 40, zikapigwa kelele nchi nzima ikashuka. Usidhani ni peponi, lakini. Chawa wa kwenye vizimba wanawaumiza samoni wa mwituni, na kiangazi cha 2024 mito 33 ilifungwa, watu wasivue.

Sasa njoo kwetu. Ami yangu anavua kwa chombo cha tajiri, nyavu za tajiri, mashine ya tajiri, na bei pia ni ya tajiri. BMU yao, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, inaruhusiwa kutoza ada bandarini, ila kinachopatikana kinaishia kwenye daftari na kalamu. Miaka ya nyuma waliletewa jokofu kubwa la samaki pamoja na jenereta. Mradi ulipofunga hesabu, mafuta nayo yakaisha. Leo mna nyavu kuukuu humo ndani, na bango la wafadhili mlangoni bado linang'aa.

Na tusijidharau, maana mfano mzuri uko hapo hapo Kwale. Watu wa Gazi, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa chafu inayonyonywa na mikoko hiyo. Pesa yenyewe si ya kujengea ghorofa, lakini imewapa maji ya bomba na vitabu vya shule, na kamati ya kijiji inakaa kubishana itumike vipi. Ule ubishi ndio naupenda zaidi.

Mimi nasema hivi: meli za kigeni zinazovua jodari kwenye maji yetu zinakata leseni kwa serikali kuu. Fungu la leseni hizo lishushwe bandarini kwa sheria, si kwa barua ya mheshimiwa. Mnadani nako ikatwe shilingi moja moja kwa kilo, iandikwe, isomwe kwa sauti kila mwezi, ilipie barafu na mshahara wa vijana wanaolinda miamba dhidi ya nyavu za kukokota. Wanorwei wamekuwa wakitusaidia kupima samaki kwa meli yao ya utafiti tangu enzi hizo. Kugawana mapato ni juu yetu.

Nilipomweleza ami, akacheka. "Na ataishika nani hiyo pesa?" Nikamjibu waishike wenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ya mradi hakuna anayeidai, lakini wakimkata kwenye samaki wake, atakwenda ofisini kila Ijumaa kuuliza.