Ukiambiwa tovuti ni laki tatu, uliza nani ataandika

"Tovuti ya kampuni ni shilingi ngapi?" Hapa Arusha, ukishajulikana kwamba unatengeneza tovuti, hilo ndilo swali utakalokutana nalo kila mahali, na wanaouliza zaidi ni wenye kampuni ndogo za utalii. Mara nyingi mtu anakuja na kotesheni mbili za mafundi wawili kwenye simu. Moja imeandikwa laki tatu, nyingine milioni nne, na zote zinaahidi kitu kilekile: tovuti ya kisasa, inayofunguka vizuri kwenye simu, kurasa ishirini, fomu ya mawasiliano. Akizilinganisha, anaamini lazima mmoja wao ni mwizi.

Huenda kweli. Lakini mimi nasema kwanza ujue unanunua nini, na unachonunua ni saa za watu. Programu zenyewe karibu zote ni za bure. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ilitoka mwaka 2003, leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani, na hailipiwi. WooCommerce, inayogeuza tovuti kuwa duka, nayo inaanza bure. Cheti cha usalama kinachofanya kivinjari kisimwonye mgeni wako kwamba tovuti si salama, shirika la Let's Encrypt linakitoa bila malipo. Kikoa, yaani anwani ya tovuti, kikiwa cha .com, wasajili wanaokuuzia wanakipata kwa Verisign, kampuni inayosimamia .com, kwa dola 10.26 kwa mwaka, bei iliyowekwa Septemba 2024, kisha wanaongeza faida yao. Kwa hiyo ukiona mstari unaosema "cheti cha usalama, 150,000", muulize mhusika amekinunua wapi na kwa nini. Vyeti vya kulipia vipo, ila kampuni yenye magari mawili na fomu ya maulizo haina sababu ya kuanza na hivyo.

Sasa hizo saa zinakwenda wapi? Sehemu kubwa inakwenda kwenye maneno na picha, na hapo ndipo kotesheni nyingi zinanyamaza.

Fikiria mtu aliyeko Ujerumani, anataka kupanda Kilimanjaro mwakani. Hajawahi kukanyaga Moshi. Anataka kujua kwa nini apite Machame na si Marangu. Ukurasa wako unatakiwa umwambie kwamba Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala, kwingine kote ni hema. Kwamba Lemosho huchukua siku saba au nane. Kwamba siku zikiongezeka mwili unapata nafasi ya kuzoea hewa nyembamba na uwezekano wa kufika Uhuru unakua. Kwamba usiku wa kupanda kileleni baridi inashuka chini ya sifuri, hivyo glavu za kawaida hazitoshi. Haya yote mwongoza wageni wako anayajua, ameyatembea kwa miguu yake. Hayajaandikwa popote. Ili yafike kwenye tovuti, lazima mtu akae naye, amuulize, aandike, amsomee, asahihishe, kisha atafsiri kwa Kiingereza kinachosomeka.

Ukurasa wa namna hiyo unakula saa tatu kwa uchache, na hapo bado picha. Kurasa ishirini ni saa sitini. Gawa laki tatu kwa saa sitini: shilingi elfu tano kwa saa, na ndani yake kuna bando, umeme, kodi, na utengenezaji wa tovuti yenyewe. Hakuna atakayeifanya kazi hiyo kwa bei hiyo. Anachofanya ni kunakili. Anachukua maelezo ya kampuni nyingine, anabadilisha jina, anaweka picha za simba alizozipata mtandaoni. Nimefungua tovuti za kampuni za hapa mjini nikakuta katikati ya aya jina la kampuni nyingine kabisa. Inaniuma, kwa sababu mwenye kampuni ametoa hela yake ya jasho, na mgeni anayelipa dola elfu mbili kwa safari moja anaisoma ile aya hadi mwisho.

Malipo kwa kadi nayo yanahitaji fikra. Watu wanayataka siku ya kwanza kwa sababu kampuni kubwa zinayo. Kuyapata, unaingia mkataba na benki au kampuni ya malipo, unapeleka usajili wa BRELA, TIN na leseni, kisha wanakata asilimia kwenye kila muamala. Makato hayo huyaoni kwenye kotesheni ya fundi kwa sababu hayapiti kwake. Kama unapata wageni wachache kwa mwezi, fomu ya maulizo na ankara inayotumwa kwa barua pepe vinatosha kabisa kwa kuanzia. Ila kumbuka, fomu inayochukua majina na namba za pasipoti inakuingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na usajili kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo una ada yake.

Halafu kuna gharama za kila mwaka. Kikoa na nafasi kwenye seva, kompyuta inayoihifadhi tovuti, hulipiwa upya, na bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya punguzo. Ya pili inapanda. Ada za kuingia hifadhi za taifa zikibadilika, kurasa zako zote zenye bei zinapitwa siku hiyohiyo, na mgeni atakushikilia kwa bei uliyoandika. Lazima awepo mtu wa kuzirekebisha na wa kusasisha programu, maana WordPress iliyoachwa miaka miwili bila kuguswa ni mlango wazi kwa wadukuzi. Muulize fundi: mwaka wa pili nitalipa nini, kwa nani? Asipokuwa na jibu, bei aliyokutajia haijakamilika.

Na kikoa kisajiliwe kwa jina la kampuni yako, kwa barua pepe unayoifungua wewe. Hili silegezi. Ipo kampuni ya hapa ambayo kikoa chake kilisajiliwa kwa barua pepe ya fundi. Fundi akahama, akabadilisha namba, na kila ukumbusho wa kulipia ukawa unakwenda kwake. Siku tovuti ilipozimika, barua pepe za kampuni zikazimika nazo, katikati ya msimu, huku anwani ileile imepakwa kwenye milango ya Land Cruiser zote. Kikoa cha .com kikishafutwa kwa kutolipiwa kinakaa siku 30 ambamo mwenyewe anaweza kukikomboa kwa ada ya ziada. Baada ya hapo kinaachiwa na yeyote anakichukua. Wao walijua wakiwa wameshachelewa.

Si kila biashara inahitaji haya. Mama mwenye mgahawa Sakina atafaidika zaidi na kuweka biashara yake kwenye ramani ya Google, ambayo ni bure, na WhatsApp Business. Wateja wake wako mtaani. Mwenye kampuni ya utalii, wateja wake wako ng'ambo na wanampima kwa maandishi kabla hawajamsikia sauti.

Mwenye laki tatu tu namwambia asikate tamaa, ila asinunue kurasa ishirini. Anunue nne. Akae na mwongoza wageni wake jioni mbili tatu, aandike mwenyewe kuhusu njia moja ya mlima wanayoijua kuliko zote na safari moja ya Serengeti, watumie picha walizopiga wenyewe kwa simu mlimani na porini, wageni waliomo wakiwa wamekubali. Fundi atakuwa na muda wa kuipanga vizuri kazi hiyo na kuhakikisha picha zimepunguzwa ukubwa zisichelewe kufunguka. Njia nyingine za mlima zitaongezwa msimu ukiisha, hela ikipatikana.